Bunduki Kuukuu Hukosea Wapi? Somo Kutoka Ufini

Katika somo la leo tutazungumzia bunduki. Si ile mpya ya dukani, bali ile kuukuu iliyotoka jeshini. Jeshi likipata silaha mpya, zile za zamani huwekwa ghalani, au huuzwa kwa bei ya chini, au hupewa wengine. Bunduki za namna hiyo zimezunguka dunia nzima. Nyingine zilibebwa na askari wa wanyamapori, nyingine na wawindaji, nyingine na walinzi wa vijiji. Na watu wengi wanaozishika husema maneno yaleyale: "Hii imechoka. Haina shabaha tena."

Je, ni kweli imechoka? Au ina ugonjwa unaoweza kutibiwa?

Iko nchi moja ambayo ililazimika kulijibu swali hili kwa vitendo, maana uhai wake ulitegemea jibu. Nchi hiyo ni Ufini. Lakini kwanza neno moja. Kuwa na bunduki bila kibali ni kosa la jinai, na kazi ya kugusa mtutu ni ya fundi wa silaha mwenye leseni, si ya fundi baiskeli. Sisi hapa tunajifunza kuelewa tu, kama vile mtu anavyosoma habari za moyo wa binadamu bila kushika kisu.

NCHI NDOGO, BUNDUKI ZA WENGINE

Ufini iko kaskazini kabisa ya Ulaya, jirani na Urusi. Ni nchi ya misitu, maziwa na baridi kali. Tangu mwaka 1809 Wafini walikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Tarehe 6 Desemba 1917 walijitangazia uhuru. Mwaka uliofuata walipigana wenyewe kwa wenyewe, Weupe kwa Wekundu, na uchungu wa vita hivyo ulikaa mioyoni mwa watu miaka mingi.

Vita hivyo vilipokwisha, nchi hiyo changa ilikuwa na bunduki nyingi, lakini karibu zote zilikuwa za wengine. Zilikuwa zimeachwa na jeshi la Urusi, au zimetekwa kutoka kwake. Jina lake ni Mosin-Nagant, kwa majina ya wabunifu wake wawili: Sergei Mosin wa Urusi na Léon Nagant wa Ubelgiji. Ilianza kutumika mwaka 1891. Urefu wake ni karibu sentimita 130, yaani ukiisimamisha chini inamfikia mtu mzima kifuani. Hubeba risasi 5. Haina mambo mengi, na mtu akifundishwa siku chache anaweza kuitumia.

Lakini bunduki zile zilikuwa zimepita katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Zilikuwa zimelala kwenye matope, zimepata kutu, zimesafishwa na askari wenye haraka. Nyingi zilitupa risasi hovyo.

Wafini hawakuwa na fedha za kuzitupa zote na kununua mpya. Basi wakakata shauri kuzitibu. Tena wakatafuta nyingine za aina ileile katika nchi za Ulaya zilizokuwa zimeziteka vitani, wakazinunua kwa bei rahisi au wakabadilishana. Kwa macho ya mtu mwingine huo ulikuwa ununuzi wa takataka. Wao waliona chuma kizuri kilichofungwa vibaya.

Kazi hiyo ilifanywa na jeshi, na pia na chama cha walinzi wa hiari kilichoitwa Suojeluskunta. Chama hiki kilitokana na upande wa Weupe, kwa hiyo si kila Mfini alikipenda. Wanachama wake wengi walikuwa wakulima na watu wa kawaida, waliofanya mazoezi ya kulenga shabaha huko huko vijijini kwao. Walikuwa na karakana yao wenyewe, ambayo baadaye ikawa kiwanda cha SAKO katika mji wa Riihimäki.

KOSA NI LA AINA MBILI

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe. Bunduki ikikosa, fundi mjinga huanza kufungua skrubu. Fundi mwerevu huanza kwa kuuliza: inakosa namna gani?

Fundi wa Ufini aliiegemeza bunduki mahali imara, akalenga mahali pamoja, akapiga risasi 3. Kisha aliyatazama matundu kwenye karatasi. Yapo majibu mawili.

Jibu la kwanza: matundu yote matatu yako karibukaribu, lakini yako mbali na kati, labda juu kushoto. Hii ni bunduki nzuri. Inarudia kosa lilelile kila mara, kama saa ya ukutani inayotangulia dakika 10 kila siku. Dawa yake iko kwenye vilengeo, yaani vile vyuma viwili vidogo juu ya mtutu ambavyo mlengaji hupitisha jicho lake.

Jibu la pili: tundu moja liko juu, jingine chini, jingine pembeni kabisa. Huo ndio ugonjwa. Hapo hata ukisogeza vilengeo mchana kutwa hutapata kitu, kwani hujui unalifuata tundu lipi. Hapo kuna kitu kinachocheza: mtutu, au mbao, au risasi, au mtu mwenyewe.

Watu wengi hawatofautishi mambo haya mawili. Mimi naona hapa ndipo ilipo elimu yote ya bunduki kuukuu. Mengine ni kazi ya mikono.

MTUTU NA PIA

Kila mmoja wetu utotoni amecheza pia. Pia isiyozunguka huanguka. Ikizungushwa kwa nguvu husimama wima. Risasi ni hivyohivyo. Isipozunguka, hupinduka hewani na kwenda kombo. Kwa hiyo ndani ya mtutu huchongwa mifereji inayopinda polepole, kama uzi wa skrubu ndefu. Risasi inapopita huibana mifereji hiyo, nayo huifanya izunguke.

Mifereji ikilika kwa kutu, au risasi ikiwa nyembamba kuliko tundu la mtutu, risasi haishikwi vizuri. Ni kama mpini mwembamba kwenye jembe lenye tundu pana: utalima, lakini jembe litacheza. Tofauti yenyewe ni ndogo kuliko unene wa unywele, lakini bunduki huihisi.

Sehemu nyeti kuliko zote ni mdomo wa mtutu, mahali risasi inapoiachia bunduki. Mdomo ukilika upande mmoja, moshi na hewa ya moto hutokea upande huo mapema, na kuipiga risasi kikumbo wakati inaaga. Sasa fikiri: bunduki hii ya Kirusi ilisafishwa kwa ufito wa chuma ulioingizwa kwa mdomoni. Askari husukuma, huvuta, husukuma, huvuta, mwaka baada ya mwaka, na ule ufito husugua ukingo wa mdomo. Lo! Kumbe askari aliyekuwa anaitunza ndiye aliyekuwa anaiua.

Wafini walitumia dawa mbalimbali. Mtutu uliolika mdomoni tu, waliupanua kidogo ndani kwa mbele, ili risasi iage mahali ambapo mifereji bado ni mizima. Mitutu mingine ilitobolewa ndani kwa upana, kisha ikaingizwa bomba jipya lenye mifereji mipya. Na bunduki nyingi zilivuliwa mtutu kabisa zikavishwa mwingine.

Mitutu mipya ya kwanza ya walinzi wa hiari iliagizwa Uswisi na Ujerumani, ikafungwa kwenye bunduki iliyoitwa M/24. Mingi kati yake ilikuwa minene kuliko ya Kirusi, kwa hiyo haikupinda upesi ikipata moto. Fedha nazo zilitoka wapi? Sehemu yake ilichangishwa na akina mama wa chama cha Lotta Svärd. Hadi leo wapenzi wa silaha za zamani huiita bunduki hiyo "bunduki ya Lotta". Baadaye SAKO walitengeneza mitutu wao wenyewe.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho Wafini hawakukitengeneza hata siku moja. Ni ile sehemu ya chuma ya katikati, inayopokea risasi na kufungia komeo. Tuiite mtambo. Mitambo yote ilikuwa ileile ya zamani, iliyotokana na bunduki za Kirusi. Walivua kila kilichochakaa, wakabakiza kile ambacho bado kilikuwa kizima.

MBAO HUNYWA MAJI

Mlango wa mbao wakati wa masika hugoma kufunga. Kiangazi hufunga vizuri, tena pengine huacha ufa. Mbao haifi inapokatwa. Inaendelea kunywa maji na kuyatoa. Sasa mtutu wa bunduki umelazwa juu ya mbao. Mbao ikivimba inausukuma mtutu. Ikikauka inauachia. Asubuhi yenye ukungu bunduki inapiga huku, mchana wa jua inapiga kule, na mwenyewe anasema imerogwa.

Lipo jambo jingine. Risasi inapotoka, mtutu hutikisika kama uzi wa zeze. Uzi ule ukiguswa na kidole, sauti hubadilika. Vivyo hivyo mbao ikiugusa mtutu mahali pasipostahili, mtikisiko hubadilika na risasi hubadili njia. Ikigusa leo na kesho isiguse, ndipo matundu yanapotawanyika kwenye karatasi.

Hapa mafundi wa Ufini walionyesha akili ambayo mimi naihusudu, maana ilikuwa ya bei rahisi. Mahali mtambo unapokaa juu ya mbao, waliweka vipande vyembamba vya shaba, mpaka ukakaa bila kucheza hata kidogo. Ni kama mtu anavyoweka kijiti chini ya mguu wa meza inayoyumba. Kwenye bunduki yao ya M/28-30 waliweka pete ya alumini ndani ya mbao kule mbele, ili mtutu uguse chuma laini kisichovimba badala ya mti unaovimba. Na kwenye M/39 sehemu ya mbao haikukatwa kipande kimoja kirefu. Vipande viwili viliunganishwa kwa meno, kama vidole vya mikono miwili vilivyoshikana, maana mbao fupi mbili zilizounganishwa hazipindi upesi kama moja ndefu.

Kifyatulio nacho, yaani kile kichuma kinachovutwa kwa kidole, kilitengenezwa upya. Cha Kirusi kilivutika kwa shida na kwa kusuasua. Mtu anayevuta kitu kigumu hutikisa mkono mzima. Walikirekebisha kikavutika kwa ulaini, mlengaji akajua ni wakati gani risasi itatoka.

ARSHINI NA MITA

Sasa vilengeo. Wazee wetu walipima kitambaa kwa dhiraa, yaani toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Warusi wa zamani nao walikuwa na kipimo chao, arshini. Arshini moja ni kama sentimita 71. Kilengeo cha nyuma cha bunduki ile kilikuwa na alama za masafa, na alama hizo zilihesabu arshini.

Mpe sasa bunduki hiyo Mfini aliyezoea mita. Anamwona adui yuko mita 400. Anaweka kilengeo kwenye 400. Tupige hesabu. Arshini 400 mara sentimita 71 ni sentimita 28,400, yaani mita 284. Bunduki inadhani shabaha iko mita 284, kumbe iko 400. Risasi itaanguka chini kabla ya kufika. Mtutu mzima, mbao nzima, macho mazima, na bado unakosa, kwa sababu ya kipimo tu! Wafini walirekebisha vilengeo hivyo na kupiga alama za mita.

Halafu kulikuwa na singe, kile kisu kirefu kinachofungwa mbele ya mtutu. Warusi waliilenganisha bunduki hii singe ikiwa imefungwa, kwa kuwa askari wao alitakiwa kuwa nayo daima vitani. Ukiivua, uzito wa mbele unapungua, mtikisiko wa mtutu unabadilika, na risasi inagonga mahali pengine. Mtu asiyejua hilo atahangaika na mtutu siku nzima bure. Wafini wao walilenganisha bunduki zao bila singe.

Kilengeo cha mbele walikitengeneza upya, kikaweza kusogezwa kulia na kushoto kwa skrubu. Hapa pana kanuni ambayo watu wengi huigeuza. Kilengeo cha mbele hulifuata kosa. Risasi zikienda kushoto, kisogezwe kushoto. Zikienda juu, kiwekwe kirefu zaidi. Ukiwa na shaka, chukua fimbo mbili ndogo, zisimamishe mezani kama vilengeo, ujaribu mwenyewe kwa jicho. Utaona.

Na jambo lenyewe linataka mkono wa polepole. Tuseme vilengeo viwili vimeachana sentimita 60, na cha mbele kimesogea milimita 1 tu. Kwenye mita 300 risasi itapotoka nusu mita. Mtu mzima anapona au anakufa kwa milimita moja.

CHUMVI

Risasi nyingi za wakati huo zilikuwa na dawa ya kuwashia baruti ambayo ikiungua huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi huvuta unyevu, na unyevu huleta kutu. Mtu wa pwani anajua baiskeli inavyoliwa. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi, yanaifunika tu. Chumvi huondolewa kwa maji, yakiwa ya moto ni bora, kisha mtutu hukaushwa vizuri, ndipo hupakwa mafuta. Mitutu mingi iliyosemwa imechoka kwa kupigwa sana, kwa kweli iliuawa usiku, ikiwa imelala bila kuoshwa.

MWAKA 1939

Kila bunduki iliyotoka kiwandani ilijaribiwa kwa kupigwa. Iliyotawanya risasi ilirudi kwa fundi. Mwaka 1937 mashindano ya dunia ya kulenga shabaha yalifanyika Helsinki, mji mkuu wa Ufini, na M/28-30 ilitumika huko. Ilikuwa bunduki yenye mtambo wa kale ndani yake, mbele ya walengaji wa mataifa mengine.

Miaka miwili baadaye mchezo ulikwisha. Tarehe 30 Novemba 1939 majeshi ya Urusi ya Kisovyeti yaliingia Ufini. Ufini ilikuwa na watu wasiotimia milioni 4. Baridi mwaka ule ilikuwa kali mno. Wafini walivaa nguo nyeupe juu ya makoti yao wasionekane kwenye theluji, wakapita msituni kwa mbao za kutelezea miguuni.

Mmoja wao alikuwa Simo Häyhä, mkulima na mwindaji, mfupi wa kimo, kama sentimita 160. Alikuwa mwanachama wa walinzi wa hiari tangu ujana wake, na bunduki yake ilikuwa M/28-30. Alipigana mahali paitwapo Kollaa. Hakutumia darubini juu ya bunduki, alitumia vilengeo vya kawaida. Sababu zake zilikuwa za mtu wa porini: darubini humlazimisha mtu kuinua kichwa, kioo chake hung'aa juani, na baridi hukitia ukungu. Anahesabiwa kuwa aliua askari zaidi ya 500 kwa muda usiofika siku 100, ingawa wapo wanaobishana juu ya hesabu hiyo. Tarehe 6 Machi 1940 alipigwa risasi ya taya. Alipozinduka ilikuwa tarehe 13 Machi, siku vita vilipokwisha. Aliishi hadi mwaka 2002, akilima, akiwinda na kufuga mbwa.

Wengi husimulia habari za Häyhä kama hadithi ya ushujaa, wakaishia hapo. Tusisahau kwamba wale aliowaua nao walikuwa wana wa wakulima, waliopelekwa kwenye theluji wasiyoijua njia yake. Na Ufini yenyewe haikutoka salama. Karibu watu 25,000 wake walikufa. Ilinyang'anywa karibu sehemu moja ya kumi ya ardhi yake, na watu zaidi ya 400,000 wakahama makwao. Lakini haikutawaliwa.

Bunduki nzuri peke yake haikuleta hayo. Walipata nguvu pia kwa kuijua misitu yao na kwa mazoezi ya miaka mingi. Hata hivyo mtu aliyelala kwenye theluji na risasi 5 mkononi anahitaji kuwa na hakika ya jambo moja, kwamba risasi itakwenda anakotazama. Hakika hiyo ilitengenezwa karakanani, kwa tupa, kwa vipande vya shaba, na kwa michango ya akina mama.

Baada ya vita vikuu majeshi ya dunia yalipata bunduki za kisasa, na zile za zamani zikauzwa au zikayeyushwa. Wafini walizihifadhi nyingi. Mwaka 1985 jeshi lao lilipotaka bunduki ya walenga shabaha maalumu, mafundi walirudi ghalani. Walichukua mitambo ileile ya kale, wakaifunga mitutu mipya minene na mbao mpya, wakaiita TKIV 85. Askari vijana waliibeba bunduki hiyo kwa miongo kadhaa, na baadhi yao walibeba mtambo uliochongwa kabla ya mwaka 1900, babu za babu zao wangali vijana.